Mbwa Yule Anasikiliza Nini?

Ipo ada miongoni mwa wapenzi wa mitambo ya zamani ya muziki, huko Marekani, Uingereza na Japani, ya kununua sanamu za mbwa mweupe mwenye masikio meusi na kuziweka kando ya ampilifaya na spika zao. Mbwa ameketi kitako, kichwa amekiinamisha upande, mithili ya aliyeisikia sauti aijuayo. Sanamu za awali, zilizofinyangwa kwa karatasi ili kupamba maduka ya santuri, zimekuwa adimu na ghali. Kwa hiyo wengi hununua nakala za plastiki au jasi, kisha hugombana: ipi ni ya asili, ipi ni ya kuigiza? Ugomvi huo, kwa maoni yangu, ni wa bure. Swali lenye haki ya kuulizwa ni jingine: mbwa yule anasikiliza nini?

Tuanze na hiyo asili inayogombaniwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Nipper, alizaliwa Bristol mwaka 1884 na akafa mwaka 1895. Mchoraji Francis Barraud alimchora baada ya kufa kwake, akiisikiliza fonografu ya silinda. Mwaka 1899 Kampuni ya Gramophone ya London ilikubali kuinunua picha hiyo kwa sharti kwamba fonografu ifutwe na gramafoni ya kampuni ichorwe mahali pake. Barraud akaipaka rangi juu, akalipwa pauni 50 za picha na pauni 50 za haki zake. Baadaye kampuni ilimwagiza aichore tena, nakala 24 kwa mkono wake mwenyewe. Basi ni asili gani inayotafutwa? Picha yenyewe ni marekebisho ya picha, na mchoraji wake ndiye aliyekuwa mwigaji wake wa kwanza. Nakala haina dhambi. Mashairi yetu nayo yametufikia kwa mikono ya wanakili, na hakuna aliyeyadharau kwa sababu hiyo.

Dhambi iko kwingine. Mbwa yule ni alama ya usikivu, na wenye kumkusanya wameinunua alama wakauacha usikivu. Tazama anapowekwa. Alichorwa mbele ya bomba moja la shaba; leo ameketi baina ya spika mbili za stereo, hajui sikio alielekeze wapi. La ajabu zaidi, mashine nyingi za santuri za miaka ya 1970, ambazo ndizo fahari ya wakusanyaji, zina mizunguko 33 na 45 kwa dakika basi. Santuri za enzi ya mbwa huyu huzunguka mara 78, na mfereji wake wahitaji sindano nene zaidi. Maana yake ni kwamba mbwa amewekwa kando ya mtambo usioweza kuitoa sauti ile ile aliyochorwa akiisikiliza. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawa wamebaki mlangoni, wanausugua ung'are.

Sisi wa visiwani hatuwezi kulitazama jambo hili kama kioja cha ugenini. Kampuni ya mbwa huyu, iliyoiita alama yake “Sauti ya Bwana Wake”, ndiyo iliyozinasa sauti zetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakaimba kwa Kiswahili mbele ya mitambo yake. Siti alizaliwa Fumba, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alikuwa tayari kijana utumwa ulipofutwa kisheria hapa Unguja mwaka 1897. Katika pwani iliyolijua vyema neno “bwana” na uzito wake, mwanamke aliyeitwa Mtumwa aliimba kwa kampuni yenye jina hilo, na walioketi kusikiliza wakawa mabwana. Alama iligeuka juu chini. Hilo ndilo lililo ndani ya mifereji ya santuri zile, na hakuna sanamu inayoweza kulisimulia.

Nazo santuri hizo ni viumbe dhaifu. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka moja, huvunjika kama sahani ya udongo. Upande mmoja huchukua yapata dakika 3, na ukivunjika zimekwenda dakika 3 ambazo mwimbaji hatazirudia, kwani Siti alifariki mwaka 1950. Sanamu ya plastiki ikivunjika kiwanda kitatoa nyingine kabla ya mwezi kuandama.

Watakuwapo watakaosema: pambo ni pambo, nani amedhurika? Ningewakubalia, lau pambo lingebaki kuwa pambo. Lakini pambo hili lina hila: humfanya mwenyewe ajione ametimiza wajibu. Akimtazama mbwa ameinamisha kichwa, hudhani katika nyumba ile kuna mtu anayesikiliza. Wengine watasema kwamba sanamu humvuta kijana aulize habari za kale. Naam, huenda akauliza. Na akiuliza, atajibiwa kwa kitu gani iwapo rafu nzima haina sauti hata moja ya kumpa? Sikio la kufa halisikii dawa. La jasi halikupata kusikia chochote.

Wala asiseme mtu kwamba njia haipo. Mwaka 2007 ilitolewa London sidii ya nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950 kutokana na hazina ya sauti ya British Library, na Siti yumo. Kazi hiyo ilifanywa mbali nasi, na walioifanya tuwashukuru. Lakini tusiwaachie wao peke yao.

Anayempenda mbwa na amweke, wa asili au wa nakala. Kwanza lakini atafute sindano ya mizunguko 78. Aulizie makabati ya wazee kabla nyumba hazijauzwa, aandike majina yaliyo kwenye vibandiko, ainakili sauti, kisha afungue dirisha majirani wasikie. Hapo mbwa yule atakuwa na cha kusikiliza.