Bethune alifungua shule, kitabu kiliandikwa na nani?

Tukijadili sera za lugha kitivoni, jina la Macaulay halikosekani: ndiye aliyeandika waraka wa 1835 uliotetea Kiingereza katika elimu ya India. Lakini John Elliot Drinkwater Bethune, aliyekuja baadaye kukalia kiti kile kile cha mjumbe wa sheria katika Baraza la Gavana Mkuu, ni nadra kutajwa. Naona tunakosa somo kubwa.

Bethune alifika Calcutta mwaka 1848, akaongoza pia Baraza la Elimu. Tarehe 7 Mei 1849 alifungua shule ya wasichana, ikaanza na watoto 21. Walifundishwa kwa Kibengali. Kiingereza kilikuwa cha wale ambao wazazi wao walikitaka. Mwaka huo huo kijana mshairi, Michael Madhusudan Dutt, alichapisha utenzi kwa Kiingereza. Bethune alipopata nakala, alishauri kipaji hicho kitumike katika lugha ya mama. Mwaka 1861 Dutt alitoa Meghnadbadh Kavya, utenzi ambao Wabengali wanauhesabu kati ya kazi kuu za fasihi yao.

Je, tumshangilie mkoloni? Hapana. Bethune alitumikia utawala ambao Wabengali hawakuuchagua, na peke yake angebaki na madarasa matupu. Dakshinaranjan Mukherjee alitoa nyumba ya kuanzia na kiwanja. Madan Mohan Tarkalankar aliwapeleka binti zake wawili wakati watu wa heshima waliona aibu mtoto wa kike kwenda shule. Tena hakuishia hapo: aliandika Shishu Shiksha, kitabu cha kujifunzia kusoma Kibengali. Ishwar Chandra Vidyasagar alikuwa katibu wa shule.

Bethune alifariki mwaka 1851, akiiachia shule mali yake ya India. Shule haikufa naye, kwa sababu ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1883 Kadambini Basu, aliyesoma hapo, alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kupata digrii katika Chuo Kikuu cha Calcutta.

Sasa turudi kwetu. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Chiluba kuwa lugha za taifa. Kila siku tunailaumu serikali kwamba haizipi nafasi shuleni. Lawama ni ya haki, ila tujitazame pia. Sisi tunaosomea lugha za Kiafrika tunaandika kazi za kumaliza masomo kwa Kifaransa, hata mada ikiwa ngeli za Kiswahili. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo: mifano kwa Kiswahili, maelezo yote kwa Kifaransa. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake ndicho nilichokichunguza, hawezi kuisoma kazi hiyo.

Kesho akitokea waziri wa kufungua shule za Kiswahili, atatuuliza vitabu viko wapi. Tutamjibu nini?

Ombi langu kwa walimu wetu waheshimiwa ni dogo: kila kazi iwe na kurasa tano za muhtasari katika lugha inayochunguzwa, nazo zipewe alama. Kwenu wanafunzi wenzangu nasema: tusingoje amri. Tarkalankar hakuandika waraka wa sera. Aliandika kitabu cha watoto.