Seti ya maagizo: uwazi wa prosesa hautoshi

Sisi wanafunzi wa lugha tunajadili kila siku lugha gani ina mwenyewe na lugha gani ni ya wote. Swali hilo liko hata ndani ya kompyuta tunazoandikia. Kila prosesa ina seti yake ya maagizo, yaani amri za msingi inazozielewa. Programu iliyoandaliwa kwa seti moja haifanyi kazi kwenye nyingine mpaka iandaliwe upya au itafsiriwe.

Seti ya x86 imo mikononi mwa Intel na AMD. Ile ya ARM, iliyomo katika simu zetu karibu zote, hutolewa kwa leseni. RISC-V, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haidai leseni: yeyote anaweza kuunda prosesa inayoifuata. Wenzetu wengine wanasema: basi tuchague RISC-V. Mimi naona wanaharakisha.

Lugha haiishi kwa sarufi peke yake. Inahitaji wasemaji na maandishi. Mwaka 2001 Intel ilileta Itanium, yenye seti mpya kabisa. Mwaka 2003 AMD ilipanua tu x86 ifikie biti 64, na programu za zamani zikaendelea kufanya kazi. Wanunuzi wakaelekea huko, na Intel yenyewe ikafuata njia hiyo.

RISC-V nayo imeanza kupata maandishi yake. Mwaka 2025 Debian 13 iliipokea kati ya seti zake rasmi. Hilo liliwezekana kwa sababu programu za Debian ni huria, na msimbo wake unaweza kuandaliwa upya. Praat, tunayochunguzia toni za lugha zetu, ni huria pia. Lakini programu iliyofungwa haihami mpaka mwenyewe apende.

Kwa hiyo naomba tuanzie kwenye programu. Rekodi za wazee wetu na kamusi tunazozikusanya tuzihifadhi katika mafaili yasiyotegemea programu ya kampuni moja. Kwa kazi ya leo tununue x86 au ARM, zenye programu tayari; kwa mafunzo, kadi ndogo ya RISC-V inatosha. Tukifanya hivyo, siku ya kubadili prosesa hatutaacha sauti za wazee wetu nyuma.