Asilimia 51 ya ndeke ni yetu, tuonyeshwe hesabu ya viti

Wandugu, kuna wanaosema tike ni ghali juu ndeke hazijai. Wengine wanajibu: zinajaa, basi kampuni iko salama. Sisi tunasema maneno hayo yote mawili hayatoshi.

Kampuni za ndeke hazihesabu vichwa tu. Zinahesabu kiti pamoja na kilomita. Tuchukue ndeke ya viti 100. Inatoka Kinshasa na watu 50 mpaka Kisangani, karibu kilomita 1,200. Pale wengine 50 wanapanda, inaendelea Bunia ikiwa imejaa, karibu kilomita 600. Ukihesabu vichwa utasema 75 kwa mia. Ukihesabu kilomita ni 67, juu ile safari ndefu ilienda nusu tupu. Na anayehesabiwa ni aliyelipa. Mheshimiwa mwenye tike ya bure anakalia kiti, lakini kwenye hesabu kile kiti ni kitupu (tungependa sana kujua viko vingapi).

Mwaka 2024 dunia nzima ilifika 83.5 kwa mia. Kampuni za Afrika zilibaki karibu 75.

Lakini kujaa siyo faida. Tuseme safari inakula dola 10,000. Tike ikiwa dola 200, watu 50 wanatosha kurudisha makuta. Ikiwa 125, inaomba watu 80. Ikiwa 90, hata viti vyote 100 vikijaa, kampuni imepoteza dola 1,000. Kwa hiyo anayetuambia “ndeke inajaa” bila kusema inaanza kupata faida kwa watu wangapi, hajatuambia kitu. Tena zile makuta za Go-Pass kwa safari ya ndani, msafiri anazitoa lakini haziingie kwa kampuni.

Kwa nini tunasumbua? Air Congo ilianza kuruka Desemba 2024. Ethiopian Airlines ina 49, Leta ina 51. Hiyo 51 ni yetu. LAC ilikufa mikononi mwa Leta, na wananchi hawakuonyeshwa hesabu namna hii.

Tunaomba Minisitere ya Transport itoe kila miezi mitatu, kwa kila njia: kilomita za viti vilivyoruka, kilomita za viti vilivyolipwa, kiwango ambacho njia inaacha kupoteza, na idadi ya tike za bure pamoja na ofisi iliyoziomba.