Waitaliano wana wiki ya lugha yao, vijana wa Kericho na Bomet mna nini?

Ukisafiri kutoka Bomet kwenda Nairobi kupitia Narok, kabla matatu haijaanza kupanda mlima pale Mai Mahiu, kuna kanisa dogo sana kando ya barabara. Wengi wenu hulipita macho yakiwa kwa simu. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitaliano, wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia waliotumiwa na Waingereza kujenga barabara hiyo. Mwaka uliofuata, mfungwa mwingine Mwitaliano, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini wenyewe. Kisa hicho kilitoka kama kitabu cha Kiitaliano mwaka 1947, na hadi leo kinasomwa.

Hebu fikiria. Mtu yuko kifungoni, mbali na kwao, anautazama mlima wetu na kuutia katika fasihi ya lugha yake.

Waitaliano hawaoni haya kuitukuza lugha yao. Tangu mwaka 2001, kila Oktoba, wana Wiki ya Lugha ya Kiitaliano Duniani. Balozi zao na taasisi zao za utamaduni katika nchi za kigeni huandaa mihadhara, filamu na usomaji wa vitabu. Nairobi pia kuna taasisi yao. Na ukishuka Malindi utakuta vijana wa pwani wanaongea Kiitaliano sawasawa, wengi wao wakiwa wamekiokota kazini na ufuoni.

Usidhani lugha hiyo ilizaliwa kubwa. Enzi za Dante, msomi aliyejiheshimu aliandika Kilatini. Dante, aliyefariki uhamishoni mwaka 1321, alichagua kuandika shairi lake kuu kwa lugha ya watu wa kwao, Toscana. Hata Italia ilipoungana kuwa nchi moja mwaka 1861, raia wengi walikuwa bado wanaongea lahaja zao nyumbani, na waliojua Kiitaliano walikuwa wachache. Kilichoiweka hai lugha hiyo kwa karne zote hizo ni maandishi. Ilikuwa na vitabu kabla haijawa na serikali.

Sasa tuje kwetu, nchi ya majani chai.

Mwaka 1976, UNESCO ilipofanya Mkutano wake Mkuu jijini Nairobi, aliyechaguliwa kuuongoza alikuwa Mkipsigis, Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu. Mkutano huo ndio uliopitisha pendekezo la kulinda haki za watafsiri duniani. Miaka mitatu baadaye vitabu vya Toweett kuhusu isimu ya Kikalenjin na historia simulizi ya Wakipsigis vilichapishwa. Ni kazi kubwa, lakini aliiandika kwa Kiingereza.

Kuna mfano mwingine. Mwaka 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wakamwimbia kuhusu Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Leo wimbo huo wa Kikipsigis unapendwa na wapenzi wa muziki Marekani na Ulaya, na rekodi yake imehifadhiwa Afrika Kusini. Wewe uliyezaliwa Litein au Sotik, ushawahi kuusikia?

Halafu kuna jambo zito zaidi. Mashamba ya chai unayopiga nayo selfi yana historia chungu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2022 kilio cha Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi yao kilifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wazee walioonja mateso hayo, pamoja na watoto wao, wanayasimulia kwa Kikipsigis. Yakifika kwenye karatasi huwa Kiingereza cha mawakili. Mzee mmoja akifa, maneno yake mwenyewe, vile alivyoyasema, yanazikwa naye.

Tunajua utakachosema. Kwanza, kwamba huu ni ukabila. La. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za jamii zote za Kenya. Ukabila ni kumdharau jirani. Kuandika lugha ya mama yako hakumnyang'anyi yeyote chochote. Pili, utasema Kiswahili kinatosha. Gazeti hili ni la Kiswahili na hatuoni ugomvi wowote hapo. Kwenye mashamba ya Kericho, Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya wamechuma chai pamoja miaka na miaka, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kisa kilichoandikwa kwa Kikipsigis kikatafsiriwa kwa Kiswahili kitasomwa Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam. Tatu, utasema hakuna pesa. Labda. Lakini redio za Kikalenjin na wasanii wetu wanaishi kwa lugha hiyohiyo. Wasikilizaji wapo. Kinachokosekana ni kitabu mkononi mwao.

Kwa hivyo serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina kazi. Siku ya Lugha Mama huadhimishwa Februari 21 na Siku ya Kiswahili Duniani Julai 7. Tunataka siku hizo zipewe bajeti ya shindano la uandishi kwa vijana, na kazi bora zichapishwe na kuwekwa kwenye maktaba za shule. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko papo hapo Kericho. Kiitwe kisaidie kuhariri. Ngoma na mursik jukwaani havitoshi.

Nawe usingoje kaunti. Likizo ijayo ukienda ushago, kaa na kogo jioni moja. Mwombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, mwache aongee bila kumkatiza. Ukirudi mtaani, andika alichosema kwa lugha aliyokisemea, hata kama tahajia inakusumbua, kisha ukitafsiri kwa Kiswahili. Kurasa mbili zinatosha kuanza. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Jifunze Kiitaliano ukipenda, ni lugha tamu. Lakini siku Mwitaliano atakapokuuliza kwenu mna vitabu gani, uwe na kimoja cha kumpa.