Nyumba za miteremkoni zikaguliwe kabla ya msingi, siyo baada ya maafa

MASIKA yanapokaribia, mkulima wa Korogwe na Handeni huandaa shamba, hutafuta mbegu na kuomba mvua isichelewe. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama mteremko ulio juu ya shamba lao, ambako mwaka jana palikuwa na migomba na mwaka huu pamechimbwa msingi wa nyumba.

Ujenzi huo mdogo mdogo wa nyumba za kuishi kwenye miteremko mikali, juu ya mito, chemchemi na malambo, unagusa kilimo na biashara sawa na bei ya mbolea inavyogusa. Hata hivyo, hadi sasa unachukuliwa kuwa ni shauri la mwenye kiwanja na fundi wake. Inafaa liwe shauri la kijiji kizima, tena liamuliwe kabla ya jembe la kwanza kugusa kiwanja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2005, iliweka utaratibu wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, maarufu kama TAM. Kiwanda, mgodi, bwawa kubwa au barabara kuu haviruhusiwi kuanza kabla wataalamu hawajaeleza vitaathiri vipi maji, udongo na watu. Marekebisho ya kanuni hizo ya mwaka 2018 yaliigawa miradi katika makundi kwa kuangalia uzito wake, ili mradi mdogo usibebeshwe mzigo wa mradi mkubwa.

Hilo ni jambo la haki. Mwalimu mstaafu wa Bungu au muuza nafaka wa Mombo anayejenga nyumba ya vyumba vitatu hawezi kutakiwa aajiri mshauri mwelekezi na kuandikiwa ripoti ya kurasa mia moja. Gharama za karatasi zingezidi gharama za bati. Tatizo ni kwamba kutodaiwa TAM kumetafsiriwa na wengi kuwa ni kutokukaguliwa kabisa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Msemo huo hutumika kumsifu anayeweka akiba, lakini unaeleza vilevile jinsi mlima unavyoharibika. Nyumba moja haiporomoshi mteremko. Nyumba thelathini, kila moja ikiwa imekatiwa kiwanja chake na kumwaga kifusi chake bondeni, ni mradi mkubwa ambao haukuombewa kibali na mtu yeyote.

Hesabu yake ni rahisi. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10 ina eneo la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, huangusha juu ya paa hilo lita 4,000 za maji, yaani mapipa 20 ya lita 200. Palipokuwa na miti na majani, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini taratibu. Sasa yanateremka kwa pamoja na kuangukia udongo uliochimbuliwa. Kwa nyumba thelathini ni lita 120,000 kwa mvua moja, na zote zinatafuta njia ya kwenda chini.

Njia hiyo inajulikana. Mto Soni huteremka kutoka milima ya Lushoto hadi Mombo, wilayani Korogwe, eneo linalofahamika kwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji. Mto Luengera hupita katika bonde linalotenganisha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, kisha huingia Mto Pangani karibu na mji wa Korogwe. Tope linaloanzia kwenye kiwanja cha mtu mmoja mlimani huishia kwenye banio na mifereji ya mkulima wa bondeni, ambaye hulazimika kuacha palizi na kushika sepetu kuzibua mfereji. Siku ya kazi iliyopotea hivyo hailipwi na mtu.

Haliishii hapo. Maji ya Mto Pangani huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ile ya Pangani mpya yenye megawati 68. Ni mto huo huo ambao mradi wa maji wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, ulitegemea kuchota maji upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Maji yakiwa na tope zaidi, pampu huchakaa mapema na dawa ya kuyasafisha huongezeka. Mama lishe wa Handeni anayenunua maji kwa ndoo hulipia sehemu ya gharama hiyo bila kujua ilianzia wapi.

Kwa mfugaji wa Handeni, lambo ndiyo benki yake wakati wa kiangazi. Lambo linapopokea udongo kutoka kwenye makazi yaliyojengwa mteremkoni juu yake, kina hupungua ingawa ukubwa wa uso wa maji hauonekani kubadilika. Maji hukauka mapema, ng'ombe hukonda, na mfugaji hulazimika kuuza mnadani kwa bei ya kutupa.

Mfanyabiashara naye hayuko salama. Oktoba 2019 mvua kubwa ziliupiga Mkoa wa Tanga na kukata mawasiliano ya barabara kati ya Korogwe na Handeni. Barabara ikikatika, gunia la mahindi hukosa gari na nyanya huozea tengani. Mvua ile ilikuwa kubwa, na hakuna anayeweza kusema nyumba za milimani ndizo zilizoileta. Lakini mlima uliovuliwa miti na kukatwakatwa huyapeleka maji barabarani kwa kasi zaidi kuliko mlima uliotunzwa.

Upande wa uhai, Watanzania wamekwisha kupata mafunzo machungu. Novemba 2009 maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba, wilayani Same, yaliua zaidi ya watu 20. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliukumba mji wa Katesh na maeneo ya jirani, na watu 89 walipoteza maisha. Maporomoko kama hayo yana sababu nyingi, zikiwamo mvua kubwa na aina ya miamba na udongo. Swali la mpangaji wa makazi huwa moja tu: je, watu walikuwa wamejenga katika njia ambayo tope lingepita?

Wapo wanaodhani kwamba sheria haina la kusema kuhusu nyumba ndogo. Si kweli. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilitambua kundi la ardhi ya hatari. Miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa katika kundi hilo ni ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa, na miteremko inayozidi ukali utakaotajwa na Waziri. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto na bwawa la maji.

Pungufu liko kwenye utekelezaji. Kiwanja huuzwa mbele ya mashahidi wawili, watu huandikishana, muhuri hugongwa, na hakuna aliyevuta kamba kupima mita hizo 60. Mnunuzi hupewa kalamu asaini, hapewi maelezo. Miaka mitano baadaye, akiwa amekwisha kutumia akiba yote ya maisha, ndipo anapofika ofisa na kopo la rangi nyekundu.

Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, waliyaona hayo Desemba 2015 na Januari 2016, pale nyumba nyingi zilipowekwa alama ya X na nyingine kubomolewa. Wengi walikuwa wameishi hapo miaka mingi. Kumwambia mtu ukweli kabla hajanunua tofali ni nafuu kwake na kwa Serikali kuliko kumwambia baada ya kuezeka.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Nyumba iliyojengwa ndani ya eneo lililokatazwa ni vigumu kupatiwa hati, na nyumba isiyo na hati ni vigumu kukubaliwa kuwa dhamana ya mkopo. Fedha iliyozikwa pale haiwezi kumsaidia kuongeza mtaji wa duka wala kununua mashine ya kukoboa. Inabaki kuwa tofali tu, tena tofali lililo kwenye hatari ya kuporomoka.

Hata hivyo, hoja ya mnyonge lazima isikilizwe. Hakuna anayepanda mlimani kujenga kwa sababu anapenda kubeba saruji kichwani. Kuzunguka Korogwe, ardhi kubwa ya tambarare imeshikwa na mashamba ya mkonge kwa miongo mingi, na tambarare iliyobaki ni ya kilimo au bei yake haishikiki. Kumzuia mtu asijenge mteremkoni bila kumwonyesha pa kwenda ni kumfukuza usiku akajenge kwa siri.

Historia ya Usambara inalithibitisha hilo. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kulazimisha watu wachimbe matuta kwenye mashamba ya miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Hofu ya mmomonyoko haikuwa ya uongo, lakini kazi ilikuwa nzito, amri zilitoka juu na waliokaidi waliadhibiwa. Wananchi waliukataa, na mpango ukavunjika kabla ya uhuru. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP uliporudi kwa njia ya miti, majani ya malisho na mazungumzo, wakulima walikuwa na sababu ya kusikiliza, kwa kuwa jani lililozuia udongo lilikuwa pia chakula cha ng'ombe wa maziwa.

Kwa hiyo ukaguzi wa nyumba ndogo usije kama rungu, wala usigeuzwe mradi wa watu kujipatia chochote chini ya meza. Sheria ya mwaka 2004 ilikwisha kuweka nafasi ya kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na kitongoji, na maofisa mazingira katika halmashauri. Kinachotakiwa ni kuzipa kamati hizo karatasi moja yenye maswali ambayo mkulima yeyote anayaelewa.

Kwanza, kiwanja kiko umbali gani kutoka mtoni, kwenye chemchemi au kwenye lambo? Kamba iliyopimwa mita 60 inatosha kutoa jibu. Pili, mteremko ni mkali kiasi gani? Fundi na mpira wake wa maji anaweza kupima ardhi inashuka mita ngapi katika kila mita kumi, na panaposhuka zaidi ya mita tatu aitwe mtaalamu wa halmashauri kabla ya kuendelea.

Tatu, kifusi kitawekwa wapi? Nne, maji ya paa yatakwenda wapi? Tano, choo kitachimbwa upande gani wa chanzo cha maji? Na sita, ambalo ndilo husahaulika, kuna nyumba ngapi nyingine kwenye mteremko huo huo? Swali hilo la sita ndilo linalotofautisha ukaguzi wa kiwanja na ukaguzi wa mlima.

Karatasi hiyo ijazwe kabla ya mauziano, wala si baada ya tofali kufika. Iwe ya bure au ya gharama ndogo inayobandikwa wazi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Ijibiwe katika siku zinazohesabika. Mwenye kukataliwa aandikiwe sababu, na aelezwe anaweza kukata rufaa wapi.

Halmashauri nazo zina deni. Haziwezi kudai nidhamu mlimani wakati hazijapima viwanja tambarare. Serikali imewahi kufuta hati za baadhi ya mashamba ya mkonge wilayani Korogwe. Ardhi ya namna hiyo inapogawiwa, sehemu yake itengwe kwa makazi ya wanaohitaji kushuka kutoka kwenye miteremko ya hatari. Handeni nako, mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ionyeshe wazi ukanda wa kulinda kila lambo, na ukanda huo uwekewe alama za miti wananchi wauone kwa macho.

Wale ambao tayari wanaishi miteremkoni wana la kufanya kabla masika hayajafika. Mfereji wa bati na tangi la kukinga maji ya paa hupunguza nguvu ya maji na kumpa mwenye nyumba maji ya bustani. Majani ya guatemala au matete yakipandwa kwenye kingo za kiwanja hushika udongo na kulisha ng'ombe. Kifusi kisimwagwe korongoni. Hayo hayahitaji kibali cha mtu.

Kazi iliyobaki ni ya viongozi wa vijiji, na inaweza kuanza katika mkutano mkuu ujao. Mwenyekiti atakayegonga muhuri kwenye hati ya mauziano ya kiwanja cha mteremkoni bila kuuliza maswali hayo sita ajue anaweka saini pia kwenye tope litakaloteremka. Wanakijiji wanaoketi mbele yake wana haki ya kumtaka aonyeshe karatasi hiyo, kwani mashamba ya chini ni yao.