Ada imefutwa, uji je?
Hapa Tanzania ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na 2022 ikafutwa cha tano na cha sita. Lakini sare, madaftari na uji wa saa nne bado viko kwa mzazi. Hapo ndipo kikundi chetu cha mtaani kinapoingia: tunachanga mahindi, tunamlipa mpishi, na kila mwezi tunapeleka sodo kwa mwalimu wa malezi, maana binti akizikosa habanduki nyumbani. Wafadhili wakubwa hupenda kujenga madarasa (tunashukuru), kwani kwenye sufuria ya uji hakuna pa kubandika kibao. Sasa hivi tunatafuta sukari na kuni kabla shule hazijafunguliwa Januari.