Betri ya Pili Nayo Ina Uzito Wake

Ndugu msomaji, huenda nawe uliyeko Unyambwa umekwisha kuisikia ikivuma juu ya mashamba ya alizeti: ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo vijana wetu huiita droni. Hupiga picha za arusi, na huonyesha sehemu ya shamba iliyonyauka. Baada ya dakika 20 hivi hushuka, maana betri imekwisha. Hapo ndipo kijana anapomwendea mzazi kuomba fedha za betri ya pili, aifunge tumboni mwa ndege kwa mkanda ili iende mbali zaidi. Kabla hujauza mbuzi, hebu tuhesabu pamoja.

Chukua ndege yenye uzito wa kilo 1, betri yake ikiwa gramu 300, nayo huruka dakika 20. Ukiongeza betri nyingine kama hiyo, akiba ya umeme imekuwa maradufu, lakini uzito nao umefika kilo 1.3. Droni hiyo haina mabawa. Hubebwa na mapanga yake tu, na kila uzito unapopanda, matumizi ya umeme hupanda kwa kasi kuuzidi. Kwa kanuni ya mafundi itakaa angani dakika 27, wala si 40. Betri ya tatu haitaongeza hata dakika 3, tukijaalia kwamba mota hazikuungua. Wala sijataja upepo wa Singida, na hewa nyepesi ya nyanda zetu za mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kumbe betri hizo mbili zikitumiwa kwa zamu, ndege ikishushwa na kubadilishiwa, dakika 40 zapatikana bila taabu!

Mwaka 2018 ndege ya majaribio ya DHL, Wingcopter na GIZ ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Haikurundikiwa betri. Ilipaa wima kama helikopta, kisha ikalalia mabawa.

Aina za betri nazo zatofautiana. Zile bapa za lithiamu-polima hutoa umeme mwingi kwa mara moja. Zile za mviringo, mfano wa betri za tochi, hubeba akiba kubwa zaidi kwa uzito uleule, lakini huitoa polepole. Zafaa safari ya taratibu, bali dhoruba ikivuma ghafula volti hushuka, na ndege nayo hushuka. Kuunganisha aina hizo mbili, au iliyojaa na iliyokwisha, ni kuita moto, kwa kuwa iliyojaa huimiminia mwenziwe umeme kwa nguvu.

Basi mwulize kijana wako huzichajia wapi. Ikiwa ni kitandani, chumba wanacholala wadogo zake, zihamishwe leo, ziwekwe juu ya saruji, naye akeshe nazo. Iliyovimba isichajiwe tena kamwe, wala isitobolewe; itolewe nje ya nyumba, mbali na majani makavu.